Kipande cha Baba Yako na Sarafu Yangu

Kashozi, Jumapili mchana

Kemi,

Tangu asubuhi umekwenda Ngenge kumuaga mjomba wako, na nyumba imebaki na sanduku lako katikati ya sebule. Nimelizunguka mara nyingi mno, mpaka nimeona afadhali nikae chini niandike. Kesho kwenye basi la Kampala tutakuwa na watu wengi, na mimi mbele ya watu wengi husema maneno ya watu wengi. Safari njema, Mungu akutangulie, piga simu ukifika Entebbe. Hayo utayasikia kesho. Haya uyasome ukiwa peke yako.

Sitakuandikia habari za sala, wala za nguo za heshima, wala za kuchagua marafiki. Shangazi zako wameshinda hapa wiki nzima na wamezimaliza zote, nami nilikuona ukiitikia "eeh, shangazi" huku macho yako kwenye simu. Nataka kukuandikia juu ya dhahabu.

Najua utacheka. Ulicheka juzi pia, umekaa kizingitini mwa jiko wakati namenya ndizi, ukanionyesha kwenye simu kile kipande kidogo cha dhahabu kilichofungwa ndani ya kadi. Ukaniambia, "Mama, Dubai wanaviuza kama huku wanavyouza sabuni. Unaingia dukani, unachagua gramu unazotaka, unalipa, unatoka. Kila mwezi nanunua kimoja. Mkataba ukiisha narudi na mtaji."

Nikakuuliza, "Na ukitoka dukani unakiweka wapi?"

"Nakaa nacho."

"Chumba mnalala wangapi?"

Ukanyamaza kidogo, kisha ukasema, "Waitu mama, wewe na dhahabu tunawajua. Basi nitamwachia mgomba anitunzie." Kaka yako Mujuni akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka, kwa sababu utani huo ni wa nyumba yetu na sioni ubaya wake. Lakini swali langu hukulijibu.

Nikuambie kabisa kinachonisumbua, usije ukasoma karatasi zote hizi ukikitafuta. Naogopa utakwenda halafu ushindwe kurudi. Yule binti wa Kibeta uliyesoma naye alitaka kurudi nyumbani baada ya miezi mitatu tu, akarudi mwaka wa pili. Mshahara ulikuwa unasogezwa mbele kila mwezi, pasi yake ilikuwa kabatini kwa tajiri, na mama yake huku anauza mikungu ya ndizi kutafuta nauli ambayo haikufika. Mkataba wako nimeusoma, mjomba wako Projest ameusoma, na hoteli yenyewe inaonekana ni ya watu wastaarabu. Bado naogopa. Kwa hiyo ninapokuandikia juu ya dhahabu, ujue ninaandika juu ya hilo.

Hadithi ya mgomba unaijua kama inavyosimuliwa kwa kuchekesha. Ilipotokea ulikuwa bweni chuoni, na uliporudi likizo tulikwisha kuigeuza kichekesho ili tuweze kula chakula. Sasa nikusimulie yenyewe.

Baba yako alipostaafu ualimu akapata kiinua mgongo, kila mtu Kashozi alijua kabla yake. Walikuja hapa na ushauri. Mmoja alitaka wanunue naye basi dogo, mwingine alikuwa na kiwanja cha kuuza, na katekista mmoja wa zamani, Mungu amrehemu, alitaka wafuge nguruwe. Baba yako aliwasikiliza wote, akawapa kahawa ya kutafuna, akawasindikiza mpaka njiani. Kisha mjomba wako Projest akaja likizo. Wakati huo alikuwa dereva huko huko unakokwenda, na ndiye aliyetuambia kwamba mtu wa kawaida, asiye mfalme wala mwizi, anaweza kununua dhahabu dukani na kupewa risiti.

Baba yako akaipenda habari hiyo mara moja. Mwalimu yule aliyafundisha madarasa yale yale miaka yote huku shilingi ikipungua mkononi mwake, akawa amechoka na noti. Mimi nilikuwa na fedha zangu za dagaa na sangara wa kukausha kutoka visiwa vya Muleba, nikasema na mimi nitie. Hapo ndipo tulipogombana.

Yeye alitaka kipande kimoja, cha gramu hamsini. Alisema kipande kikubwa ni nafuu kuliko vidogo, kwa sababu kila kidogo unakilipia kazi ya kukitengeneza na kukifunga, na hapo alikuwa na haki. Hata hicho unachotaka kununua cha gramu moja, uliza bei yake, kisha uliza bei ya cha gramu kumi ugawanye, utaona unapokatwa. Lakini mimi nilikuwa mfanyabiashara wa samaki. Nilijua ukiwa na sangara mmoja mkubwa na mteja anataka kitoweo cha jioni, utakaa naye mpaka anuke. Nikasema nataka sarafu, tena ndogo, ili siku ya shida niuze moja na nyingine zibaki.

Baba yako akasema, "Wewe unanunua dhahabu huku unafikiria kuiuza."

Nikamjibu, "Na wewe unanunua ili uitazame?"

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia kwa sauti, ingawa alilijua. Kibanja hiki ni cha ukoo. Mimi nimekilima tangu nilipoletwa hapa bibi harusi, migomba yote hii inajua mikono yangu, lakini mama yangu kule Ngenge alipofiwa na mume nilimwona akiomba ruhusa ya kukata mkungu alioupanda mwenyewe. Sheria ya sasa inasema vingine, na Mujuni ni kijana mwema, hatanifukuza. Hata hivyo nilitaka niwe na kitu kimoja duniani ambacho nikitaka kukiuza sikai kikao na mtu. Wewe ni mwanamke, utanielewa upesi kuliko alivyonielewa baba yako.

Basi kila mtu akanunua chake. Projest akarudi likizo iliyofuata na kipande cha gramu hamsini cha baba yako, na sarafu zangu nne za robo aunsi. Aliviorodhesha kwa watu wa forodha uwanja wa ndege na kuonyesha risiti, akafika hapa bila wasiwasi. Nilikuwa nimekaa nikitegemea kuona tofali. Kumbe kipande chenyewe ni kidogo kuliko kiberiti, kimefungwa ndani ya kadi yenye namba na maandishi ya usafi wake. Nikamwuliza baba yako, "Ualimu wako wote ndio huu?" Hakupenda. Alikipima kiganjani, akanipa na mimi nikipime, na kweli kilikuwa kizito kwa jinsi kilivyo. Tulikaa pale tumekizunguka kama mtoto aliyezaliwa, tukacheka wenyewe.

Usiku ule alikipeleka kibanjani bila kunionyesha.

Usimlaumu haraka. Alisema kibanja ndicho benki yake, na alikuwa na maana. Nyumba huingiliwa, sanduku huvunjwa, lakini nani atachimba chini ya mgomba wa mtu? Mgomba wa chakula ulio karibu na jiko hauguswi hata mkigawana urithi. Ule mgomba wetu wa jikoni, nshakala, babu yake aliukuta. Baba yako akatia kipande kwenye kichupa cha plastiki cha vidonge, akakizika hatua mbili kutoka shinani, upande wa jiko, akafukia kwa majani. Hakuniambia, wala hakumwambia Mujuni. Alisema baadaye kwamba alitaka tusiwe na kitu cha kutusumbua moyo.

Miaka ikapita. Mimi nikaendelea na kazi yangu. Na kazi yangu unaijua: mgomba ukizaa unakatwa, na wewe mwenye kisu ndiye unayechagua ni mtoto yupi abaki. Ule wa jikoni nilikuwa nikiuachia kila mara mtoto wa upande wa jiko, kwa sababu huko ndiko ninakomwaga maganda na majivu, huko ndiko kwenye rutuba. Mkulima yeyote wa Kashozi angefanya hivyo. Kwa hiyo mwaka hadi mwaka shina likawa linasogea, na baba yako, aliyekulia migombani, ambaye angeweza kukueleza ubaoni jinsi mgomba unavyotembea, akaenda kuufanya alama yake. Mimi niliutembeza kwa mkono wangu mwenyewe bila kujua umebeba nini, na kila mmoja wetu alikuwa anafanya kazi nzuri.

Tumbo lake lilipoanza kumsumbua, nilimwambia twende Mwanza apimwe vizuri. Akasema, "Tungoje kidogo." Wakati huo alikuwa amezoea kuuliza bei ya dhahabu kwa Projest kila wiki, na kila ikipanda alikuwa mchangamfu hata chakula kinamwendea vizuri. Nikamwambia auze kipande. Akasema, "Niuze kipande kizima kwa ajili ya vipimo? Hakikatwi kile, mama Mujuni." Na kweli hakikatwi. Ukikikata unakiharibu, kinanunuliwa kama mabaki. Akangoja bei, na tumbo nalo likangoja.

Na sarafu zangu? Ndiyo, nilikuwa nazo, nikanyamaza. Nilijiambia mwanamume ana dhahabu yake, atoe kwanza. Hilo nimelisema kwa padri, na nimelisema kwa baba yako mwenyewe akiwa hai, akanijibu kwamba naye angefanya hivyo hivyo. Kwa hiyo silirudii ili unionee huruma. Nakuambia tu kwamba dhahabu huingia ndani ya watu wawili wanaopendana na kuwapimisha nani atatoa kwanza. Uwe macho hapo.

Kisha ukaja ule mnyauko wa migomba. Unakumbuka majani yalivyogeuka manjano kibanja baada ya kibanja, na ukikata shina linatoa usaha. Baba yako alikuwa amelazwa mjini kwa mara ya kwanza. Bwana shamba alikuja, akapita na mimi mgomba kwa mgomba, akanionyesha yote iliyougua, na ule wa jikoni ulikuwamo. Alisema ung'olewe wote, shina na mizizi, utupwe shimoni, nisionee huruma hata mtoto mmoja. Nilitafuta vijana, tukang'oa. Tulichimba, tukasomba udongo na mizizi mpaka kwenye shimo kule rweyani, kwenye nyasi nje ya kibanja, tukasawazisha, nikapanda maharage. Nilijisifu moyoni, nikasema mume wangu atakuta nimeokoa kibanja.

Aliporudi nilimtolea kiti akae juani. Alitazama pale kwa muda mrefu.

"Nshakala wa jikoni uko wapi?"

"Tumeung'oa. Uliugua."

"Wote?"

"Mpaka mizizi. Bwana shamba alisema."

Alishika magoti yake kwa mikono miwili, akainama hivi, nikadhani ni tumbo. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chini yake kulikuwa na kichupa, mama Mujuni."

Tulichimba, Kemi. Yeye yuko kitini anaelekeza kwa fimbo, Mujuni na mimi tuna majembe. "Hapo. Hapana, juu kidogo." Tulichimbua maharage yote. Siku ya pili ndipo nilipokumbuka kwamba mgomba ule haukuwa pale alipoukumbuka yeye. Nikamwambia, "Nimeusogeza." Akauliza, "Kiasi gani?" Nani awezaye kujibu swali kama hilo? Tukaanza kuhesabu mikungu, ule wa mwaka wa kipaimara chako, ule uliotangulia, kila mmoja unasogea kwa kiasi gani, mpaka tukakasirikiana, mpaka yeye akaanza kucheka huku ameshika tumbo, na mimi nikacheka huku nalia. Nadhani kichupa kilisombwa na udongo mpaka shimoni. Mujuni anadhani bado kiko pale pale. Unamjua Mujuni.

Basi nikafungua sanduku langu.

Hapa nami nina ujinga wangu, uusikie. Nilitaka sarafu ziende Mwanza zinang'aa, nikazisugua kwa majivu na zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Nilizisugua kwelikweli. Sonara akaitia moja chini ya kioo chake, akanitazama, akauliza, "Mama, hii umeisugua na nini?" Nikamwambia. Hakunicheka, lakini akakata bei, akasema sarafu yenye mikwaruzo itanunuliwa kwa uzito tu, tena chini kidogo. Kibaya zaidi, nilikuwa nimeshika kadi ya hospitali mkononi. Aliiona. Alijua siwezi kwenda duka la pili, na bei yake ikawa bei ya mtu asiyeweza kwenda duka la pili.

Sarafu ya pili niliiuza baada ya wiki kadhaa. Safari ile kadi ilikuwa ndani ya mkoba, chini ya kitenge, na nilipita maduka matatu nikiuliza kwa upole kama mtu anayepunga upepo. Duka la tatu lilinipa bei nzuri kuliko mbili za kwanza. Ya tatu nikairudisha duka hilo hilo, na risiti nikaionyesha kabla hajauliza. Kwa sarafu hizo tatu baba yako alipasuliwa, akapona kiasi, akaishi misimu mingine miwili ya kahawa. Alikuona unavaa joho la chuo. Alikula senene wa mwaka ule, bakuli zima, na daktari alikuwa amemkataza.

Je, tungekwenda mapema, angeishi zaidi? Daktari alisema pengine. Nimeliacha neno hilo hapo alipoliacha yeye.

Alipofariki tulimzika kibanjani, kama desturi. Na unajua, sijawahi kuona kaburi linachimbwa taratibu vile. Vijana wote wa mtaa, waliokwisha kusikia habari za kichupa, walijitolea. Kila beleshi la udongo lilimwagwa chini kwa adabu, likatazamwa, likasambazwa kwa mguu. Nilikuwa dirishani nimezungukwa na wanawake wanaolia, na moyoni nikamwambia, mwalimu, unaona wanafunzi wako? Mwaka uliofuata kila jirani alikuja kunisaidia palizi. Kibanja changu kililimwa kuliko vibanja vyote vya Kashozi, na mimi nikawapikia watu wale uji. Mwisho Mujuni akaleta mtu na mashine ya kutafutia vyuma ardhini, ikalia kwenye misumari, vifuniko vya sufuria na jembe bovu la babu yenu. Wakaacha.

Mimi bado ninalima pale. Jembe likigonga kitu kigumu, moyo unaruka kidogo, kisha ninaona ni jiwe, ninalitupa pembeni. Nimezoea.

Kwa hiyo nunua dhahabu yako, mwanangu. Sikukatazi. Umefanya hesabu zako vizuri kuliko sisi. Ila kwanza uwe na fedha za kawaida za kula na za kuugua, miezi kadhaa, ndipo ununue. Dhahabu haizai kama kahawa. Inakaa tu, na kukaa kwake kunamfaa mtu ambaye hana haraka nayo. Nunua duka linaloandika risiti, na kile cha kadi usikifungue hata kama vidole vinawasha, maana ukishafungua atakayekinunua ataanza kukipima upya. Kule visiwani mvuvi mmoja aliyetoka machimboni aliwahi kunionyesha punje kwenye kichupa, bei rahisi, anaapa kwa mama yake. Nilimrudishia kichupa chake. Sikuwa na leseni ya kununua dhahabu ghafi, na sikuwa na jicho la kuijua. Huko pia utakutana na watu wenye vichupa, pengine wamevaa suti. Bangili na mikufu nunua kwa kupendeza, usiite akiba, kwa sababu ufundi unaulipia siku ya kununua na siku ya kuuza haumo kwenye mzani. Na bei wanayokuuzia na bei watakayonunua kwako hazifanani hata siku moja, hata asubuhi na jioni ya siku hiyo hiyo. Kipande ukinunua leo ukakiuza kesho, umekula hasara. Uliza bei zote mbili kabla hujatoa fedha, ndipo utajua duka lile ni la watu gani.

Juu ya hayo yote, niambie kilipo. Mimi au Mujuni au yeyote utakayemwamini, lakini mtu mmoja ajue. Siombi kujua ni kiasi gani. Hilo ni lako. Baba yako alitaka kutukinga na wasiwasi, na wasiwasi ukaja wenyewe, tena akiwa mgonjwa kitini.

Sasa ile sarafu ya nne.

Hukuwahi kuniuliza, na nadhani ulifikiri zote ziliisha Mwanza. Moja ilibaki. Ina mikwaruzo yangu ya majivu upande wenye picha, usishangae. Nimekaa nayo muda wote huu. Mwaka ule kahawa ilipooza mtini nilikaribia kuiuza, nikauza mbuzi. Nilidhani ninaitunza kwa ajili ya maziko yangu, ili nisimsumbue mtu. Lakini tangu ulipopata viza nimekuwa nikiitoa na kuirudisha, na nimeelewa kwamba ilikuwa inakungoja wewe.

Ichukue. Usiitie kwenye hesabu ya mtaji wako, na usiniambie bei yake imefika wapi, sitaki kujua. Hii ni nauli. Nimemwuliza Projest, naye amenihakikishia kwamba kwenye mji ule unaingia duka lolote la dhahabu na sarafu ya namna hii pamoja na risiti yake, na kabla chai haijapoa unatoka na fedha za tiketi ya kukufikisha Entebbe na chenji ya basi. Haihitaji tajiri akuandikie barua. Hakuna atakayekuuliza kama mkataba umeisha. Pasi wanaweza kukuomba waitunze, na uwakatalie kwa adabu, kwa sababu ni yako. Sarafu hii wasijue kama ipo.

Siku ukiona mambo hayaendi, usingoje bei ipande. Usingoje mwezi uishe, wala usifikirie watu wa Kashozi watasema nini wakikuona umerudi na begi moja. Watasema, kisha watakuja kula. Usinipigie simu kuniomba ruhusa pia. Nilishaitoa leo, hapa mezani, saa hii ninapoandika. Iuze bila aibu na bila kuaga mtu, uje.

Na mkataba ukiisha salama ukarudi nayo, nitafurahi. Ukirudi bila hiyo nitafurahi vilevile, na nitapika mkungu ule ule. Nisichotaka ni ukae mahali pabaya huku unailinda. Baba yako alikilinda kipande chake mpaka siku alipokihitaji, na siku hiyo hakikuwepo. Nilimpenda sana mtu yule, Kemi, nawe umefanana naye kwa kila kitu, hata huo ukaidi wa kunyamaza mtu akikuuliza "unakiweka wapi."

Nilitaka kukushonea sarafu hii kwenye pindo la kitenge cha kijani, kama wanavyofanya akina mama wengine. Nilikwisha kuchukua sindano. Kisha nikasema hapana, nyumba hii imeficha vya kutosha. Iko mezani, juu ya pasi yako, na risiti ya mjomba wako iko chini yake. Ukiingia utaiona kabla hujaniona. Mimi niko jikoni, namenya ndizi.

Mama yako,
Adelina